Kumb. Na. 1: Mgao wa Maji

Siku niliyorudi nyumbani Ilemela na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nilikuta kopo la sukari limebandikwa karatasi iliyopigwa chapa: SUKARI. Chini yake, kwa herufi ndogo: JIKO/1. Kopo la chumvi lilikuwa JIKO/2, la majani ya chai JIKO/3. Mwiko wa ugali, kwa kuwa hauna mahali pa kubandika karatasi, ulikuwa umefungwa kadi kwa uzi, kama mzigo unaosafirishwa kwa basi.

"Ni baba yako," mama alisema kabla sijauliza. "Usiguse. Ukihamisha kitu anataka kujua nani katoa idhini."

Baba alikuwa amepunguzwa kazini. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja iliyoshughulika na pamba, na nina hakika hakuna mkulima wa kanda yetu aliyepata barua ya ofisi hiyo ambayo haikupitia vidole vyake. Kisha biashara ikafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao na malori yao, na ofisi ikagundua kwamba ina wapiga chapa wengi kuliko barua. Walimpa mkono, saa ya ukutani, na ruhusa ya kuinunua taipureta aliyoitumia. Akaibeba mpaka nyumbani, akaiweka juu ya meza ya sebuleni, akapuliza vumbi, akaketi mbele yake na shati lililopigwa pasi. Hakuwa na kitu cha kuandika isipokuwa sisi.

"Mwanangu," mama aliniambia ile jioni, akisonga ugali kwa JIKO/11, "umesoma mpaka chuo kikuu. Mtafutie huyu mzee wako kazi kabla hajanipa mimi namba."

Nami sikuwa na kazi. Nilikuwa nimepata chuoni mazoea ya kuuliza "nani kasema?" na "kwa nini?", mazoea ambayo hayakumsaidia mtu yeyote mjini Mwanza miaka ile. Nilikuwa nimemuuliza padri kwa nini sadaka ya pili. Nilikuwa nimemuuliza mwenyekiti wa mtaa kwa nini barua ya utambulisho inahitaji mhuri wake ikiwa ananijua toka nabebwa mgongoni. Alinijibu kwa kugonga mhuri mara mbili.

Kazi ilinifuata yenyewe. Kulikuwa na ukumbi mdogo uliojengwa kati ya miamba miwili, na shirika moja likaja na kompyuta kumi na mbili kuukuu, za rangi ya maziwa yaliyokaa. Walitaka kuwafundisha vijana waliomaliza shule kutengeneza kurasa za intaneti. Kilichonivuta ni programu zenyewe. Zilikuwa za bure, na zaidi ya bure: ulikuwa unaruhusiwa kuzifungua uone zilivyoandikwa, uzinakili, uzibadilishe, umpe mwenzio. Leo wanaziita programu huria na hakuna anayeshangaa. Wakati ule nilidhani kuna mtu anatafuta namna ya kutuuzia kitu. Niliuliza maswali yote niliyokuwa nayo, na mratibu, kijana wa Dar es Salaam aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, akajibu yote bila kukasirika. Nikaamua ama ni mkweli ama ni mjanja kuliko mimi.

Kwenye usaili aliniuliza kitu gani kinaweza kuua mradi kama huu.

"Undugu," nilisema. "Kujuana. Mtu anamleta shemeji, shemeji anamleta mpwa, baada ya mwaka kompyuta ziko sebuleni kwa shangazi zimefunikwa kitambaa."

Alifurahi sana. Aliniambia niandike kanuni. Nikaandika, ikawa ya saba kati ya kanuni za kituo: *Ndugu wawili hawatafanya kazi pamoja katika kituo hiki.* Niliisoma mara tatu. Nilijiona nimeikomboa nchi.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi nifundishe majuma kumi na mawili. Mwishoni, mwanafunzi mmoja aajiriwe kuwa mtunza kituo: afungue, afunge, asimamie kurasa, awafundishe wanaokuja nyuma. Mimi ningeendelea kuwa mwalimu. Nililieleza hilo nyumbani, tukila sato, nikiwa nimejaa furaha.

Mama aliweka tonge chini. "Wanafunzi wawe wa umri gani?"

"Waliomaliza shule."

"Baba yako alimaliza shule."

"Mama, ni vijana."

"Tangazo limesema vijana?"

Nilifikiri. Tangazo nililiandika mimi. Lilisema waliomaliza shule.

"Basi Jumatatu anakuja," mama alisema. Baba aliendelea kuchambua mifupa ya samaki kana kwamba linazungumziwa suala la nyumba ya jirani, lakini niliona amekaa wima zaidi.

Nilikohoa. Nikaitaja kanuni ya saba. Mama akasema kanuni inasema kufanya kazi, naye baba haendi kufanya kazi, anakwenda kusoma. Siku akipata kazi ndipo tutaisoma hiyo kanuni. Mimi ninayeuliza kila kitu nikala samaki wangu, sikuuliza.

Tukakubaliana, mimi na baba. Darasani yeye ni mzee, mimi ni mwalimu. Tutatoka nyumbani kwa kupishana dakika kumi, yeye apite upande wa kulia wa mwamba, mimi wa kushoto, tukutane mlangoni kama watu waliojuana juzi. Yeye atangulie, kwa sababu hawezi kuchelewa. Kuchelewa kunamletea homa.

Siku ya kwanza nilipoingia, wanafunzi kumi na mmoja walisimama kama walivyozoea shuleni. "Shikamoo mwalimu!" Baba naye alisimama, kwa kuwa kusimama ni utaratibu. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, na macho yalikuwa darini yakimwangalia mjusi.

"Marahaba. Kaeni," nikasema.

Baba hakukaa. Vijana walipoona mtu mzima amesimama, wakaona aibu kukaa. Tukasimama wote, watu kumi na watatu na mjusi, tukingoja. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anangoja yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akageukia darasa. "Kaeni."

Wakakaa. Tangu siku hiyo kila somo lilifunguliwa kwa maamkizi mawili, na aliyekalisha darasa langu alikuwa baba yangu.

Alikuwa mwanafunzi wa kutisha. Alipiga herufi kwa kasi kuliko sisi wote, bila kuangalia vidole, lakini kwa nguvu za taipureta, hivi kwamba kibodi ilikuwa inatembea juu ya meza nasi tunairudisha. Na kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe na kusukuma wenzo wa taipureta usiokuwepo. Kushoto kwake alikaa binti mmoja wa Nansio, aliyemaliza kidato cha sita na kukaa kwa shangazi yake Ilemela akisubiri matokeo. Juma la kwanza baba alimwangushia kalamu mara tatu na kikombe cha chai mara moja.

"Mzee, unamfukuza nani?" binti akauliza.

"Samahani, mama. Ni mkono huu. Bado uko ofisini."

Juma la pili binti alihamia kulia.

Kazi ngumu ilikuwa kuwafundisha kunakili. Niliwaambia kwamba kila ukurasa wa intaneti unaweza kuufungua matumbo, ukaona maandishi yaliyoujenga, ukachukua unachokitaka, mradi useme umechukua kwa nani. Kisha nikawapa kazi: kila mmoja achukue ukurasa wa mwenzake aubadilishe uwe bora. Darasa zima liliinama juu ya kioo kama kuku juu ya vifaranga. Walikuwa wametoka shule ambako kumwangalia jirani ni kosa la kufukuzwa, na kuangaliwa na jirani ni ujinga. Mmoja alifunika kompyuta yake kwa kitenge. Binti wa Nansio alizima kioo chake kabisa akaendelea kuandika gizani.

"Mwalimu, nikimwachia aone, si atafaulu?" aliuliza.

"Ndiyo. Afaulu."

"Na mimi?"

"Na wewe ufaulu."

"Sasa wa kwanza atakuwa nani?"

Nilikuwa na hotuba juu ya jambo hilo, lakini baba aliinua mkono. "Mwalimu, mimi kunakili kokote niko tayari. Nimenakili miaka ishirini na minane." Akawaeleza wenzake jinsi barua moja ilivyotoka kwenye taipureta ikiwa nakala nne, karatasi za kaboni katikati, na jinsi chini ya kila barua waliandika *Nakala:* na orodha ya wote wanaopaswa kuwa nayo. "Barua isiyo na nakala," akasema, "ni uvumi." Vijana wakamwangalia. Kitenge kikaondolewa.

Nikafikiri nimepata msaidizi. Nilipata upinzani. Kunakili alikubali; kubadilisha alikataa katakata. Binti wa Nansio alipochukua ukurasa wake, akabadilisha rangi ya maandishi kutoka bluu juu ya bluu kuwa bluu nyepesi, baba alisimama.

"Nani ameidhinisha?"

"Mzee, hayasomeki."

"Hilo ni hoja. Mimi nimeuliza idhini."

"Mwalimu kasema tubadilishe!"

"Mwalimu amesema mbadilishe. Hakusema mfiche. Marekebisho yoyote kwenye waraka yanawekwa saini pembeni: nani, lini, kwa nini. Vinginevyo kesho mtu ataniuliza mimi."

Nikamweleza, kwa uvumilivu wa kulipwa, kwamba kompyuta haina pembeni. Akaniuliza yale maandishi niliyowafundisha juma lililopita, ambayo unaweza kuyaweka ndani ya ukurasa na kompyuta ikayaruka bila kuyaonyesha kwa msomaji, ni ya kazi gani. Nikasema ni ya kujikumbusha.

"Basi hapo ndipo pembeni," akasema, akaketi. Mkono wa kushoto ukainuka, ukasukuma.

Ukurasa wake ulihusu maji. Mgeni anayefika Mwanza huangalia ziwa lisilo na mwisho akadhani tunaogelea hata jikoni. Sisi wa kwenye miamba tuliliona ziwa kila asubuhi huku bomba likikohoa hewa. Maji yalikuja kwa mgao, na mgao ulikuwa na tabia zake. Baba akaamua kuuandika. Aliandika kama alivyoandika maisha yake yote: juu kulia anuani, kushoto *Kumb. Na. 1*, katikati kwa herufi kubwa *YAH: MGAO WA MAJI*, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha siku na saa, mtaa kwa mtaa, na mwishoni *Nakala:* na majina ya vituo vyote vya maji. Nilimwambia intaneti haina Kumb. wala Yah. Alisema maoni yangu yamepokelewa.

Kila Jumamosi tulikuwa na saa moja ya kuingia intaneti kwa simu. Laini ilikuwa ya ofisi ya jirani, na katibu wa ofisi hiyo hakuamini kwamba simu inaweza kutumika bila mtu kuongea. Kila modemu ilipoanza kulia alinyanyua mkonga wa simu yake. "Haloo? Haloo! Jamani, kuna mbuzi kwenye laini!" Mawasiliano yakakatika, tukaanza upya. Siku ya mafanikio, ukurasa mmoja ulikwea hadi kwenye mtandao wa dunia, tukapiga makofi.

Baba alipiga makofi pia, kisha akauliza ni mtu gani wa Ilemela mwenye kompyuta ya kuusomea.

Jumatatu yake niliona kwenye kibanda cha maji karatasi mbili zilizochapwa, zimebandikwa kwa ugali mbichi. Kumb. Na. 1. Wanawake wenye ndoo walikuwa wanazisoma kwa sauti na kuzikosoa.

"Jumatano haya hayakutoka. Nani kaandika?"

"Si yule mzee wa saa ya ukutani."

"Mwambieni Jumatano ni uongo."

Wakamwambia. Akaandika. Mama naye akawa anatoka kibandani na taarifa: huku juu yametoka saa nane, kule bondeni hakuna tangu juzi. Kila Ijumaa kulikuwa na toleo jipya, na kila toleo lilikuwa na saini zake za pembeni. Jikoni namba zilikoma kwenye JIKO/34. Mama alianza kuimba.

Juma la kumi na mbili likafika. Mratibu alikuja na kizibao chake, akaketi mbele ya darasa, akaomba alama nilizotoa. Nilikuwa nimezitoa kwa haki niliyoweza. Binti wa Nansio, aliyetengeneza ratiba ya meli za kwenda kwao, nilimpa sabini na nne. Baba nilimpa sitini na moja. Nilimkata alama kwa ajili ya rangi, kisha nikamkata tena kwa kuwa ni baba yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala vizuri, kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo mbili.

"Nionyeshe huu wa sitini na moja," mratibu alisema. "Shangazi mmoja pale njiani ameniuliza kama mimi ndiye mwenye Kumb. Namba Moja."

Akaufungua. Akausoma akitabasamu. Kisha, kama nilivyowafundisha wote wafanye na kama ambavyo mimi mwenyewe sikufanya hata siku moja kwenye ukurasa wa baba yangu, akaufungua matumbo.

Akasogeza kiti karibu na kioo. Halafu akaanza kusoma kwa sauti.

"*Toleo la 1. Limepigwa nami. Toleo la 4. Jumatano imeondolewa. Chanzo: mama mwenye ndoo ya bluu, nyumba ya pili juu ya mwamba. Imethibitishwa na mke wangu.*" Akageuka kuniangalia, akarudi kwenye kioo. "*Toleo la 6. Rangi imebadilishwa na binti wa Nansio, bila idhini. Toleo la 7. Rangi imerudishwa. Toleo la 8. Rangi imebadilishwa tena na huyo huyo, kuwa nyeusi, baada ya maelezo. Imekubaliwa. Toleo la 9. Mwalimu ameshauri neno Kumb. liondolewe. Ushauri umepokelewa.*"

Darasa lilikuwa linacheka. Mratibu hakucheka. "Jamani, mnajua watu wanaoandika programu hizi duniani wanagombana kila siku kwa sababu ya hiki? Nani kabadilisha nini, lini, kwa nini. Mzee wangu, nani alikufundisha?"

"Ofisi," baba alisema.

Mratibu akaendelea. "*Toleo la 10. Tamko.*" Akapunguza mwendo. "*Mwalimu wa darasa hili ni binti yangu wa kuzaa, wa pili. Naomba kazi hii isahihishwe na mtu mwingine, ili yeye asilaumiwe nami nisidharauliwe. Nakala: Mratibu, Wanafunzi wote, Mama mtu.*"

Mjusi alikuwepo darini. Nilimwangalia sana.

Lile tamko lilikuwa limekaa kwenye mtandao wa dunia majuma mawili. Mtu yeyote wa Japani angeweza kulisoma. Mimi niliyesimama mbele ya watu kumi na mmoja nikihubiri kwamba kila kitu kiwe wazi nilikuwa napita upande wa kushoto wa mwamba, nikipishana na baba yangu dakika kumi.

"Ni kweli?" mratibu akaniuliza.

"Ni kweli," nikasema. Nikawageukia wanafunzi niwaombe radhi. Binti wa Nansio akanikatiza.

"Mwalimu, tunajua toka siku ya kwanza."

"Mlijuaje?"

"Mnakohoa sawasawa kabla ya kusema hapana."

Nilitaka kusema hapana. Nikakohoa. Wakaangua kicheko, na baba naye akakohoa, ikawa mbaya zaidi.

Mratibu alisema ombi la Mzee ni la haki: asahihishe mtu mwingine. Akamtaka binti wa Nansio, kwa kuwa ndiye aliyeuingilia ukurasa ule kuliko wote. Nikasema hapana, huyo naye anaitaka kazi. Binti akasema ndiyo, anaitaka, na kila mtu amesikia, kwa hiyo haijafichwa. Wamwangalie tu mkono.

Alivuta kiti. Aliupitia ukurasa mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, kama anayechambua mchele.

"Kwa macho ni mbaya," alisema. "Hata baada ya kumsaidia rangi. Hii 'tafadhali husika' inachosha. Lakini shangazi yangu anateka maji kwa huu. Wangu wa meli hakuna aliyeukosoa hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu ni mzuri. Kumbe hawausomi." Akafikiri. "Themanini. Mimi nina sabini na nne. Basi." Kisha akamwambia baba, kwa hasira kidogo, "Mzee, ungeniachia bluu yangu nyepesi ningekupa themanini na tano."

"Imepokelewa," baba alisema.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ya baba. Nilimwona akishusha pumzi na kuweka viganja juu ya magoti. Ndipo mratibu alipotoa kwenye mfuko mmoja wa kizibao karatasi iliyokunjwa, kitu pekee nilichowahi kuona kikitoka humo.

"Kuna kanuni ya saba," alisema. "*Ndugu wawili hawatafanya kazi pamoja katika kituo hiki.* Dada, hii uliandika wewe."

"Ndiyo."

"Tuifute?"

Angeweza kuifuta. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua sababu zote za kuifuta, ningezipanga vizuri kuliko mtu yeyote chumbani, na ndicho kilichonitia wasiwasi: kila aliyewahi kumleta shemeji yake alikuwa na sababu nzuri.

Baba alisimama. "Hapana," alisema. "Kanuni ni nzuri. Ameiandika vizuri. Mwalimu abaki, vijana wanamhitaji. Mimi nimeshazoea nyumbani." Alipofika mwisho wa sentensi mkono wake wa kushoto uliinuka, ukasukuma, ukabaki hewani, kana kwamba mara hii haukujua mstari unaofuata ni upi.

Niliuangalia ule mkono. Niliwaza JIKO/35, JIKO/36. Niliwaza mama aliyeanza kuimba.

"Kanuni ibaki," nikasema. "Natoka mimi."

"Usiseme kwa hasira," baba alinionya.

"Sina hasira."

"Basi andika. Maneno hayana nakala."

Niliandika barua ya kujiuzulu hapo hapo, kwenye kompyuta ya tatu, vijana wakinisomea mabegani bila aibu wala kitenge. Baba aliipitia, akaniambia nimesahau Yah.

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa jikoni baba aliporudi kula. Shati lilikuwa na mikunjo, nikashangaa. Baadaye nilielewa kwamba sasa alikuwa na mahali pa kulikunjia. Hakuketi. Alinipa bahasha, na chini ya bahasha daftari kubwa lenye mistari.

"Saini hapa kwamba umepokea."

Nilisaini. Kilikuwa kitabu cha kupokelea barua, nami nilikuwa mtu wa kwanza kukisaini. Ndani ya bahasha, chini ya Kumb. Na. 2, mtunza kituo alikiri kupokea barua yangu, akaniarifu kwamba kujiuzulu kwangu kumekubaliwa, akanishukuru kwa utumishi wangu, akanitakia kila la heri. Chini: *Nakala: Mratibu, Jalada, Mama mtu.* Mama alipokea nakala yake kwa mikono miwili yenye unga, akaisaini pia.

Baba alikula haraka, akaangalia saa ya ukutani, akaondoka. Alipita upande wa kushoto wa mwamba, upande ambao ulikuwa wangu, kwa kuwa ndio wa karibu.

Nikabaki na mama. Alikuwa anachagua maharage. Nilimwangalia kwa muda.

"Mama, kwa nini unayaloweka usiku mzima? Nani kasema ni lazima?"

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje.

"Na kwa nini chumvi iko juu na sukari iko chini, wakati chumvi unaitumia mara nyingi zaidi? Umewahi kujiuliza?"

Mama aliweka ungo chini. Akaangalia kopo la sukari, kopo la chumvi, mwiko wenye kadi yake, halafu akaniangalia mimi, mwenye shahada.

"Bora yule wa namba," alisema. "Chukua ndoo. Toleo la leo linasema yanatoka saa nane."

Yalitoka saa nane na robo. Nilikwenda kituoni kumwarifu mtunza kituo. Alinitaka nisubiri kwenye benchi.